Jina la Ile Filme ya Mto

Bunia, kartie Rwambuzi, tarehe 14 Mei 2024

Shangazi Sista Micheline,

Amani ya Bwana ikae na weye huko mbali. Siye wote tuko wazima na tunakusalimia. Mama Jeannine bado anatwanga majani yake ya sombe kwa mikono, hata tukimwambia mashini iko karibu. Dada Bijou alizaa mutoto wa kike mwezi wa tatu, jina lake Gracia. Analia kwa nguvu mpaka majirani wanasema atakuwa korali peke yake. Jumapili tulisomesha misa ya Baba Fulgence, miaka makumi mbili na moja sasa. Abbé Claude alitaja jina lako pia, kama dada ya marehemu, na watu wa zamani waligeuka kuuliza kama ungali hai. Tulijibu ndiyo, iko Japani, anatunza wazee.

Uliniomba niandike kwa mukono, nisitume sauti kwa simu, kusudi Kiswahili chako kisikauke. Basi vumilia mwandiko wangu. Abbé anashuka Kampala kesho kutwa, atapeleka bahasha hii posta ya kule.

Neno lenye linanisumbua ni hili. Unajua nilifungua sale ya filme nyuma ya nyumba yetu: mabenchi kumi na nane, bafle mbili za sauti, na grupu ya umeme yenye kelele kuliko bafle. Wengine mjini wanaonyesha karate na vita. Mimi nimechukua katuni za Wajapani. Zinafika na maandishi ya Kiingereza chini, na mimi nazisemea Kiswahili, narekodi kabla ya siku ya kuonyesha: sauti ya baba, ya mama, ya mbwa, zote mimi. Si Kiswahili cha redio, ni chetu cha hapa. Watu wanafurahi sana kusikia muzee wa Kijapani akimwambia mujukuu, "Weye mutoto, kuya hapa!"

Lakini majina, Shangazi! Kila filme inakuja na majina mawili, la Kijapani na lenye Waingereza wameipa. Rafiki yangu Yannick, mwenye kunichorea kibao cha mulangoni, hataki kusikia Kijapani. Anasema, "Mutu akiona Kiingereza anajua filme ni mupya. Akiona hii ingine anafikiri ni dawa ya minyoo." Wanafunzi wa chuo nao wananigombeza kwamba jina la asili ndilo jina, lingine ni la kupachika. Juma lililopita walibishana mbele ya kibao mpaka filme ikaanza bila wao.

Sasa niko na moja ya kuonyesha watoto wakati wa likizo kubwa. Abbé aliniomba, na nilimukubalia mbele ya kamati yote ya parokia. Kwa Kiingereza inaitwa River of Lights, yaani Mto wa Taa. Kwa Kijapani ni Moeta Kawa. Sijaingia ndani yake sana, nimeona mwanzo tu: binti mudogo na babu yake wanatengeneza miavuli ya karatasi kando ya mto. Niandike jina gani? Weye njo mwenye kujua luga yao. Yenye utasema, tutafuata.

Mtoto wako,
Gauthier


Himeji, 23 Juni 2024

Gauthier mwanangu,

Barua yako ilifika siku ya mvua, na huku sasa kila siku ni ya mvua. Nguo hazikauki, mikate inaota ukungu, na wazee wangu wanalalamika magoti. Mimi ni mzima. Mpongeze Bijou. Mwambie namwombea huyo Gracia apate sauti, na majirani wapate uvumilivu. Nimefurahi kwa misa ya baba yenu. Msalimie Jeannine.

Nilicheka peke yangu chumbani kwa ajili ya dawa ya minyoo.

Hapa nyumbani kwa wazee yuko mama mmoja, Bi Sakaguchi, ana miaka tisini na moja. Anapenda katuni kama mtoto. Nilimsomea swali lako nikalitafsiri. Akaniambia kwamba filme aliyoipenda maisha yake yote inaitwa Mama wa Mti wa Kaki, na siku moja mjukuu wake aliyesoma nje akamwonyesha kasha la Kiingereza. Limeandikwa Mioyo ya Vuli! Anasema alitafuta yule mama kwenye jina, akatafuta mti, hakuona hata jani. Mpaka leo anawakasirikia.

Kwa hiyo nikupe shauri langu. Wanaouza filme nje wanachagua jina kama mtu anayechagua kitambaa cha dirisha: wanaangalia rangi yake mtu akiwa barabarani. Aliyetengeneza filme alichagua jina akiwa ndani ya nyumba. Ndiyo maana mimi ningeweka la asili juu, kwa herufi kubwa, watu wajifunze kulitamka, na chini yake ningeweka maana yake kwa Kiswahili. Kiingereza waachie wenyewe. Ile ya paka uliyoniambia mwaka jana, Neko no Posuto, wameiita Barua Zinazoruka. Hakuna barua inayoruka mle. Iandike Sanduku la Posta la Paka. Ile ya kijana mpiga ngoma, jina lake la asili ni Ngozi, basi. Ni zuri na fupi, na Yannick atatumia rangi kidogo.

Kuhusu ile ya mto, acha la Kiingereza libaki. Linafaa. La Kijapani ni jina la mto tu, halina zaidi.

Nimechelewa, kengele ya sala imelia. Bi Sakaguchi anasema usisahau kumsemea mbwa vizuri.

Shangazi yako,
Micheline


Bunia, tarehe 2 Septemba 2024

Shangazi,

Salamu nyingi. Mama iko muzima. Gracia ameota jino moja. Bijou amepanda maharagi nyuma ya nyumba, yameota mazuri. Mume wake alikwenda Gety kutafuta viazi vya kuuzisha, akarudi salama na mifuko mine. Mvua inanyesha vizuri. Paa ya jikoni tulitengeneza. Mbuzi wa jirani alikula sabuni, hakufa. Masomo yanafunguka leo, barabara imejaa watoto wenye mashati meupe, tunamshukuru Mungu. Mwalimu Étienne, mwenye alinifundisha Kiingereza, anakusalimia.

Barua yako ilifika tarehe kumi na mbili ya mwezi wa saba. Aksanti kwa mashauri.

Filme ya mto tulionyesha tarehe makumi mbili ya mwezi ule. Watu walikuja wengi. Tangu pale nimepumzisha sale kidogo. Grupu iko na ugonjwa.

Ninaomba unielezee kitu kimoja tu. Neno moeta maana yake ni nini? Siyo kawa. Kawa najua ni mto.

Gauthier


Himeji, 10 Novemba 2024

Gauthier mwanangu,

Asante kwa habari za jino la Gracia na za mbuzi. Huku baridi imeanza. Masista wanamenya matunda ya kaki na kuyaanika kwa kamba chini ya paa, na kila asubuhi ndege anakula moja kabla ya sisi. Bi Sakaguchi alilazwa wiki mbili, amerudi, anauliza habari zako.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Ni barua ndefu kuhusu maharagwe.

Adeline wa parokia aliniandikia kwa njia ya masista wa Kampala. Anasema grupu yako si mgonjwa, kwa sababu umeikopesha kwa wanaosaga mahindi na inanguruma kutwa. Anasema umepaka chokaa juu ya kibao chote, na kwamba misa unasali ukisimama nje. Zaidi ya hapo hakutaka kusema. Ameniambia nikuulize wewe.

Nakuuliza basi. Kilitokea nini tarehe 20 Julai?

Micheline


Bunia, tarehe 6 Januari 2025

Shangazi,

Heri ya mwaka mpya. Mama anasalimia. Sina habari zingine za nyumba, nitakwenda moja kwa moja.

Siku ile ilikuwa Jumamosi, saa tisa ya mchana. Abbé Claude alileta watoto wa katekisimo. Akaleta pia watoto wa kambi, wale wenye wazazi wao walikimbia vita ya Djugu. Walifika kwa mustari, wamenawa, wengine wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Walikuwa karibu themanini ku mabenchi ya watu hamsini. Mulangoni kibao kilikuwa kimeandikwa River of Lights, na chini Mto wa Taa. Yannick alichora taa za rangi sita na mutoto mwenye kucheka. Ni kibao kizuri kuliko vyote alivyowahi kuchora.

Mwanzo walifurahi. Babu wa miavuli nilimusemea kwa sauti ya muzee mumoja wa soko, wakamutambua, wakapiga makofi. Kisha ndege za vita zikafika juu ya muji ule. Mafuta yakamwagika mutoni, na mto ukashika moto. Watu wa filme wakaanza kukimbia, na sauti iliyotoka mu bafle ilikuwa yangu. "Kimbieni! Acheni vitu! Shika mukono ya mutoto!" Kwa Kiswahili chetu, Shangazi. Hakuna mutu mu sale ile alisikia Mujapani. Walisikia mutu wa jirani.

Sale ikanyamaza. Sasa sikiliza kitu kilichonishinda kusema kwa Abbé. Nilikuwa nyuma, karibu na mashini, nikasikia ule ukimya nikafurahi. Nilifikiri, filme imewashika. Nikaongeza sauti.

Mbele kulikuwa mutoto mumoja wa kike wa miaka saba. Jina lake Glodie, nimelijua nyuma. Hakulia. Alivua viatu, akaviweka pamoja, akamushika mudogo wake kwa shingo, akamuingiza chini ya benchi. Kisha akaingia naye akalala juu yake. Wale wa kando wakamuona. Wakaingia mumoja mumoja, bila kusukumana, kama watu wenye kazi wanaijua. Watoto wa katekisimo walicheka, wakafikiri ni muchezo. Kisha nao wakaogopa. Nilipozima, nusu ya mabenchi yalikuwa matupu juu na kumejaa chini.

Mama yake Glodie, mama Véronique, alitoka kijiji kimoja karibu na Bambu. Alikuwa amesimama ku ukuta. Alipiga magoti akaanza kumuita mutoto chini ya benchi, pole pole, "Glo, ni mama. Glo, hakuna moto." Mutoto hakutoka. Tulibeba benchi kwa mikono ili aonekane. Abbé hakunikaripia. Alisema tu, "Gauthier, fungua milango yote miwili, mwangaza uingie." Aliniita kwa jina mbele ya wote, na kila mutu akageuka kuniangalia.

Glodie alikaa bila kusema majuma matatu. Alikuwa amekwisha kunyamaza hivyo mara ya kwanza walipofika Bunia, na mwalimu wa kambi ndiye alimurudisha kwa kazi nyingi.

Mwezi wa nane Yannick alikuja na simu yake. Alikuwa ametafuta lile neno. Aliniwekea simu mbele tu. Moeta ni kuungua. Moeta Kawa ni mto wenye uliungua.

Weye unasema luga ile miaka kumi na nane. Uliniandikia ni jina la mto tu, halina zaidi. Kama ungeniandikia neno lile moja, ningeliweka mulangoni kwa Kiswahili, na hakuna mama angeingiza mutoto. Nilikutegemea. Kwa nini ulinificha?

Gauthier


Himeji, 19 Machi 2025

Gauthier,

Barua yako ilinifikia mwisho wa Februari. Nimeanza jibu mara tano.

Nilijua neno lile. Linajulikana na mtoto wa hapa wa miaka mitatu, ndilo wanalomwambia akikaribia jiko. Na filme ile niliiona. Walituonyesha parokiani miaka minne iliyopita, masista wote na wazee wetu. Ndege zilipofika nilitoka nikasimama chooni mpaka iishe. Niliwaambia wenzangu tumbo linauma.

Ulipoandika swali lako niliweka kalamu kwenye karatasi niandike «Mto Ulioungua», na mkono ukakataa. Si kwa sababu ya filme. Ni kwa sababu yule niliyekuwa namwandikia ni mtoto wa Fulgence.

Mama yako na mimi tulikuambia kwamba risasi ilimkuta baba yako barabarani. Si kweli. Aliungulia nyumbani, ile nyumba ya kwanza ambayo huikumbuki. Ulikuwa na miaka minne.

Siku ile ya Mei 2003 nilikuwa sista kijana hapo Bunia. Watu walijaa kwenye lango letu. Mkubwa wetu alisema wanawake na watoto waingie, wanaume hapana, kwa sababu wenye silaha wakikuta wanaume ndani watatuua wote. Mimi niliwekwa langoni. Kaka yangu akafika na Jeannine, na Bijou akitembea, na wewe mgongoni mwa baba yako. Alikuteremsha akanipa. Akasema, "Micheline, mimi nitakaa jikoni tu, hata nyuma ya kuni." Nikamwambia, "Kaka, wanaume hapana." Hakubishana. Akanirekebishia kitambaa cha kichwa, kilikuwa kimeteleza, akarudi nyumbani. Nikafunga.

Jioni ile ile, mkubwa wetu mwenyewe alikuwa amekwisha kuingiza wanaume wanne kwa mlango wa jikoni. Hakuna aliyekuja kuwatafuta.

Miaka miwili baadaye waliuliza nani anataka kwenda utume wa mbali. Niliinua mkono kabla hawajataja nchi. Watu huku husema nina moyo wa sadaka. Sijarudi hata mara moja, na likizo zangu tatu niliwaachia wengine, na kwa hilo pia walinisifu.

Huo ndio ukweli wa jina nililokupa. Nilichagua jina lenye taa ili nisiandike neno moja. Wewe ukaliamini, na watoto wale wakaingia chini ya mabenchi. Sijui jinsi ya kuomba msamaha kwa mtoto nisiyemjua, ila kila asubuhi nataja jina lake.

Nina swali moja, na si la kujitetea. Uliisemea filme nzima, sauti zote, mpaka zile za kukimbia. Mtu anawezaje kusemea filme ambayo ameona mwanzo wake tu?

Micheline


Bunia, tarehe 8 Juni 2025

Shangazi yangu,

Salamu kutoka kwa siye wote. Gracia anatembea, anaanguka, anatembea. Abbé Claude amehamishwa karibu na Aru. Barua yako ilikaa Kampala mwezi muzima kabla ya kupata mutu wa kuileta.

Niliisoma peke yangu kwanza. Kisha nikaisomea Mama, juu ya vile sikuona haki ya kujua peke yangu. Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua. Nilipofika kwenye maneno ya lango aliinua macho akasema, "Najua. Nilikuwa nyuma yake, nilisikia vyote viwili, chenye alisema na chenye Micheline alijibu." Nikamuuliza kwa nini hakusema kamwe. Akasema, "Kwa nani? Yeye alikimbia, na weye ulikuwa mutoto." Kisha akasema, "Mwandikie aje aseme hapa. Mambo kama haya barua haiyatoshi." Ni maneno yake mwenyewe, sikuongeza. Siku zingine nina hasira na weye. Siku zingine namuona Baba akirekebisha kitambaa. Kuja.

Sasa swali lako.

Niliitazama mara tatu yote kabla ya kukuandikia. Nilijua ndege, nilijua mto, nilijua wenye walivuka na wenye hawakuvuka. Sehemu ya kukimbia niliirudilia mara nyingi kuliko zote, juu niliona ndiyo sauti yangu nzuri. Nilikwisha kumuahidi Abbé filme mbele ya kamati, na hiyo tu ndiyo ilikuwa imekwisha kusemewa. Nilikuuliza jina ili nipate mutu mwingine wa kulibeba. Ulipojibu acha la Kiingereza libaki, nilifurahi. Sikutaka kujua zaidi.

Na kuna kingine. Niliandika kwamba neno moja lingewazuia wamama. Siku ile mama Véronique alisimama mulangoni na watoto wake wawili kabla ya kuingia. Hajui kusoma. Aliniuliza mimi, "Baba, mu filme hii kuko vita?" Nikamuonyesha kibao na kidole. Nikamwambia, "Hapana, mama. Inaitwa Mto wa Taa. Angalia taa." Akaniambia aksanti.

Mwaka muzima sikuweza kuandika hiyo. Nilikuandikia mengine yote, hata furaha yangu ya nyuma ya mashini, ili hiyo isionekane. Nilikuacha uibebe weye.

Baada ya barua yako nilikwenda kambini. Nilikwenda mara mbili nikarudia njiani. Mara ya tatu nilimukuta mama Véronique anauzisha mboga ya lenga-lenga mbele ya hema. Glodie aliponiona aliingia ndani. Anaongea sasa, anaimba hata, wanasema. Mbele yangu hapana.

Nilisimama. Nikasema, "Mama, siku ile uliniuliza kama kuko vita. Nilijua kuko. Nilikudanganya."

Aliendelea kufunga mafungu ya mboga. Akasema, "Nilijua ulijua. Sauti ilikuwa yako."

Nikaomba msamaha. Aliuzishia mutu mumoja, akamurudishia feza yenye ilibaki, ndipo akaniuliza, "Yule mutoto wa miavuli, alivuka?"

Sikuelewa upesi.

"Ulizima," akasema. "Nilikuwa naangalia wangu chini ya benchi. Tangu siku ile nikilala najiuliza kama alivuka."

Nikaanza kumwambia mwisho. Akanyosha mukono, akanizuia. "Usiniambie. Nitaangalia."

Basi nilirudisha grupu kutoka kwa wasagaji. Nilimuomba Yannick kibao. Akauliza, kama zamani, Kiingereza ao Kijapani? Nikamwambia Kijapani juu, na chini maana yake. Tulibishana kidogo, yeye anataka «Mto wa Moto» kwa sababu inavuta watu. Nikakataa. Tuliandika Moeta Kawa, na chini: Mto Wenye Uliungua. Yannick hakuchora kitu. Mwenyewe nilisimama mulangoni na kumwambia kila mutu kwa mudomo: kuko vita, kuko muji unaungua, watoto hapana. Wengine walirudi. Nilimurudisha hata mutu wa kamati mwenye alikuja na mujukuu, akaondoka na uchungu.

Ilikuwa Jumamosi tarehe makumi tatu na moja ya mwezi wa tano, mchana, na milango yote miwili wazi. Walikuwa watu wazima kumi na tisa. Mama Véronique alikaa benchi ya nyuma kabisa, karibu na mulango, mikono ndani ya kitenge. Mto uliposhika moto nilishika kitufe tayari. Nilimwangalia yeye, sikuangalia filme. Hakugeuka. Nilisikia sauti yangu ikipiga kelele mu bafle, kimbieni, kimbieni, na nilitamani ardhi inimeze. Sasa nilisikia namna nilivyoifurahia wakati wa kuirekodi. Inasikika. Mutu yeyote angeisikia.

Binti yule alivuka. Babu hakuvuka. Weye ulitoka kabla ya mwisho, pengine hukujua.

Wengine waliondoka. Yeye alibaki mpaka majina yote ya Kijapani yakapita na ukuta ukabaki mweupe. Nilizima grupu. Nilimwendea nikasimama mbali kidogo.

Akainuka, akafunga kitenge vizuri. Akasema, "Alivuka, basi." Akaenda mpaka mulangoni. Pale aligeuka, na hakusema kwa hasira.

"Siku ile ungeniambia ukweli," akasema, "ningekuja vilevile. Ningewaacha watoto ku nyumba, ningekuja peke yangu."

Nikamwambia ndiyo, mama. Akateremka barabara ya kambi. Mimi nilibaki nikipanga mabenchi, Shangazi, na yalikuwa yamekwisha kupangwa.

Mtoto wa kaka yako,
Gauthier